Mwalimu, hakuna kitu kinaitwa "samaki tu": mifupa ya zamani kutoka kwenye laga

"Habari ya kazi daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Turkana, sio mbali na mto Kerio. Mvua ya juzi ilijaza laga yetu (huu mto mkavu wa msimu), maji yalipopungua wanafunzi wakaokota mifupa kwenye mchanga. Ni myeusi yenye ukahawia, mizito kama jiwe, ukigonganisha inalia kama vigae. Kuna ya duara kama vijigurudumu, upana wa sentimita 4 hivi, imebonyea pande zote mbili. Kuna kibapa kimejaa vipele vidogo vidogo. Alafu kuna kimoja chembamba, urefu wa kidole, kina meno upande mmoja kama msumeno na kimevunjika kwa chini. Wazee wanasema ni nyoka mkubwa wa zamani, kijana mmoja anasema ni dinosauri, na mwanafunzi wangu alilamba kimoja kikamnata ulimi. Kuna mtu ameniambia atanunua yote. Mimi naona labda ni samaki tu, samahani kama nakupotezea wakati. Ni fosili kweli? Ina miaka mingapi? Naweza kuweka kwenye kabati la darasa?"

Mwalimu, hujanipotezea wakati hata kidogo. Umepima, umeeleza rangi, umeeleza mlio, umeeleza ilitokea wapi, wengi huniletea picha moja yenye giza na neno moja, "nini hii?" Kwa hivyo naweza kukujibu vizuri kiasi hata kabla sijaona picha. Vile vijigurudumu ni pingili za uti wa mgongo wa samaki, hapo sina wasiwasi. Kibapa chenye vipele kuna uwezekano mkubwa ni cha kichwa cha kambare. Ila hicho cha tatu chenye meno nimekisoma mara tatu, nitakirudia huko mbele, naomba kwa sasa usimpe mtu yeyote.

Nianze na nyoka, manake wazee hawajasema upuuzi. Ukiona pingili kumi zimelala mchangani kwa mstari, nyeusi, nene, na wewe hujawahi kufungua mgongo wa samaki wa mita moja na zaidi, utafikiria nini kingine? Chukua pingili moja uitazame ncha zake mbili. Pingili ya nyoka upande mmoja ina kikombe na upande wa pili ina kitufe cha duara, hicho kitufe kinaingia kwenye kikombe cha pingili inayofuata ndo maana nyoka anajikunja vile. Mamba wa leo naye ni hivyohivyo, kikombe mbele na kitufe nyuma. Mbuzi, ngamia, binadamu, ncha zao nyingi ni bapa au karibu bapa, isipokuwa pingili za shingo za mbuzi na ngamia. Kati ya hawa wote samaki ndo ana kikombe huku na kikombe kule, yaani kama faneli mbili zimegusanishwa kwenye ncha zao nyembamba, na pale katikati zinapokutana mara nyingi utaona katundu kadogo kama ka sindano. Umesema imebonyea pande zote mbili, hapo umejijibu mwenyewe.

Na ukiishika kwenye jua la asubuhi, ile miale inayokuja kwa ubavu, tazama ndani ya kikombe. Utaona duara ndani ya duara, kama unavyoona kwenye gogo lililokatwa. Samaki akikua vizuri, chakula kipo, mfupa unaongezeka kwa upana, hali ikiwa ngumu unaongezeka kidogo sana na pale panabaki mstari. Waambie wanafunzi wahesabu hiyo mistari hata kama hawatapata umri kamili (kuna mistari ya uongo, hata sisi tunabishana), manake mtoto akishaona kwamba hiki kijiwe kilikuwa kinakula na kukua, hakisahau tena.

Ni samaki gani? Kwa huku kwenu mwenye pingili za ukubwa huo kwanza ni mbuta, wengine wanamwita sangara, ambaye mpaka leo yumo ziwani na anaweza kufika urefu wa karibu mita 2. Pingili ya sentimita 4 ni ya mnyama aliyepita mita moja. Lakini sitakuambia ni mbuta kwa hakika, kwa sababu kwenye tabaka za zamani za Turkana kuna samaki wengine wakubwa wanaofanana naye ambao wamekwisha duniani. Mmoja amepewa jina la mto Semliki wa Kongo, Semlikiichthys, na mifupa yake imepatikana huku Turkana pia. Pingili peke yake inaweza kutuchanganya hapo, tunahitaji taya au mfupa wa shavu. Taya la mbuta utalijua kwa kupapasa, lina eneo lenye vishina vya meno vidogo vidogo vingi sana, kama msasa, sio meno makubwa yaliyopangwa kama ya mamba.

Kuhusu dinosauri, mwambie huyo kijana kwamba Turkana dinosauri wapo kweli, mifupa yao imetoka kwenye mawe ya milima ya Lapur huko kaskazini magharibi ya ziwa. Lakini dinosauri hao wakubwa waliisha miaka milioni 66 iliyopita na udongo wa upande wa Kerio sio wa enzi hizo, ni wa juzi ukilinganisha. Kanapoi, sehemu ya fosili ambayo haiko mbali na huo mto, ina umri wa kama miaka milioni 4.2.

Sasa je ni fosili, au visukuku kama vitabu vya shule vinavyosema? Hapa watu wengi wanachanganya rangi na umri. Mfupa mbichi una sehemu mbili, kuna madini magumu, na kuna protini inayoushika usivunjike kama chaki. Samaki akifa na akafunikwa haraka na tope, kabla mamba na ndege hawajammaliza, ile protini inaoza taratibu na kuacha matundu madogo mno ambayo huyaoni kwa macho. Maji ya ardhini yanapita humo mwaka baada ya mwaka yakiwa yamebeba chokaa, silika, chuma, manganizi, na kidogo kidogo yanaacha hayo madini ndani ya matundu na kwenye mfupa wenyewe. Ndo maana umekuwa mzito na unalia kama kigae. Ule weusi ni manganizi na chuma. Na manganizi haihitaji miaka milioni, kwenye udongo unaofaa mfupa unaweza kuwa mweusi kwa muda mfupi tu, nimeshika mifupa myeusi tii ya mbuzi wa juzi, na nimeshika mifupa yenye rangi ya maziwa iliyokuwa na mamilioni ya miaka. Kwa hivyo rangi inakuambia mfupa ulilala kwenye maji gani, haikuambii mfupa ulilala muda gani.

Na hiyo ya kulamba, jamani, waache. Ulimi unanata kwenye kitu chochote chenye vitundu vikavu, hata mfupa wa mbuzi uliokaa juani utanata, na fosili iliyojaa madini vizuri saa zingine hainati kabisa. Kwa hivyo haithibitishi kitu, na mchanga wa laga mnajua wenyewe mifugo inapita hapo kila siku. Usiunguze kipande ili unuse harufu kama wengine wanavyofanya, wala usitie siki au ndimu kuondoa gamba la chokaa, asidi inakula chokaa na inakula mfupa vilevile, utabaki na uji.

Uzito na mlio kwa pamoja vinanifanya niseme ndio, kuna uwezekano mkubwa ni fosili ya kweli. Uwezekano mkubwa, sio asilimia mia.

Tuje kwenye kibapa chenye vipele. Hiki kinachanganya hata watu waliosoma, mimi mwenyewe siku za mwanzo niliwahi kuandika "kobe" kwenye karatasi ya mfupa ambao haukuwa kobe. Kuna wanyama watatu wa majini wenye vibapa vilivyochorwa, na siri ni kuangalia kama mchoro umeinuka au umezama. Kambare, ambaye wengi huko Kenya wanamwita mumi, na ndugu yake gogogo, mifupa ya juu ya kichwa imejaa vipele vinavyoinuka, ukipitisha kidole unavisikia kimoja kimoja. Mamba ana vibapa vya mgongoni vyenye vishimo, mashimo ya duara yaliyozama, na mara nyingi kuna ukingo umesimama katikati. Kobe wa majini wa gamba laini ana kama wavu, vijituta vimeungana vinazunguka vishimo. Wewe umesema vipele, sio vishimo, ndo maana nasema kambare. Angalia pia unene, kichwa cha kambare mkubwa ni kinene kushinda unavyotegemea, na upande wa ndani ni laini.

Njia nzuri kuliko maneno yangu yote ni hii. Ukienda Kalokol kule ziwani, nunua kichwa cha kambare, kikubwa utakachopata. Kichemshe kwenye sufuria taratibu mpaka nyama iachie yenyewe, usikoroge, mwaga supu kupitia chujio, alafu panga mifupa kwenye gazeti kwa utaratibu uleule uliokuwa kichwani. Fanya hivyo kwa mbuta na kwa gogogo pia. Hivi ndivyo tunavyofanya kazi hata makumbusho, kuna makabati na makabati ya mifupa ya samaki wa leo ambao walichemshwa kwenye sufuria, kila fosili inawekwa kando ya mfupa wa leo mpaka upate unaofanana. Utashangaa nyuma ya kichwa cha kambare utakuta donge la ajabu, pingili kadhaa za kwanza zimeungana kuwa kitu kimoja chenye mabawa. Hilo donge na vijifupa vilivyo kando yake vinapeleka mtikisiko kutoka kwenye kibofu cha hewa mpaka kwenye sikio, samaki anasikia kwa tumbo ukipenda. Likitoka lagani peke yake watu huapa ni mnyama asiyejulikana.

Wakati mnatafuta, mkiona kibamba kidogo cheusi kinachong'aa chenye matuta makali kama feni iliyofunguka nusu, huyo ni kamongo, samaki mwenye mapafu, na usishangae kukosa pingili zake, mgongo wake sio wa mfupa mgumu, kinachobaki mara nyingi ni meno hayo tu. Kitu kama mdomo wa kasuku chenye tabaka tabaka kama kurasa, huyo ni bunju wa maji baridi, samaki anayejivimbisha.

Haya, hicho kimoja chenye meno. Kuna vitu vitatu kinaweza kuwa, na viko mbali mbali sana kwa maana yake.

Cha kwanza na cha kawaida zaidi ni mwiba wa pezi la kambare au gogogo. Wavuvi wanaujua vizuri, ukimtoa gogogo kwenye nyavu anatega ile miba inasimama imara na huwezi kuilaza kwa nguvu, kwa sababu shina la mwiba lina umbo la kipekee linalozunguka ndani ya tundu la bega na kujikaza. Huo mwiba una meno yaliyoota yenyewe, yanafuatana kwa mpango, yanabadilika ukubwa taratibu kutoka shina hadi ncha, hakuna hata moja lenye alama ya kisu. Mara nyingi kuna mifereji midogo imepita kwa urefu, na pale palipovunjika ukitazama katikati utaona katundu.

Cha pili ni mwiba wa mkia wa taa. Ndio, taa, yule samaki bapa wa baharini ambaye watu wa Lamu na Kilwa wanamuogopa wakikanyaga mchanga. Mwiba wake ni bapa, una meno pande zote mbili na yanaelekea nyuma kwenye shina. Wewe umesema meno yako upande mmoja, kwa hivyo sidhani, isipokuwa kama umepasuka kwa urefu na nusu imepotea. Nimemtaja kwa sababu ya ile sentensi yako ya "labda ni samaki tu". Mabaki ya taa yamepatikana kwenye tabaka za bonde la Turkana za karibu miaka milioni 2 iliyopita. Leo maji ya ziwa hayana njia ya kutoka, mto Omo unayaingiza na jua linayachukua. Taa hawezi kutembea nchi kavu. Watafiti wakaona kwamba lazima wakati huo palikuwa na mto mkubwa unatoka Turkana mpaka Bahari ya Hindi, na taa wakapanda nao. Na samaki wengi wa ziwa lenu ni wa ukoo wa Nile, maana miaka ya mvua nyingi ziwa lilipanda zaidi ya mita 80 juu ya lilipo leo na kumwaga maji upande wa Nile. Nani ametuambia haya yote kwa sehemu kubwa? Ni mifupa ya samaki, ambayo mtu akitafuta fuvu la binadamu anairuka kila siku.

Cha tatu, na hiki ndo kimenifanya nikuombe usimpe mtu, ni ncha ya mkuki wa kuvulia iliyochongwa na binadamu. Kwenye fukwe za zamani za ziwa, kama Lothagam na Lowasera, watu waliokaa hapo miaka elfu kadhaa iliyopita, wakati ziwa liko juu, walichonga mifupa kuwa ncha za kuvulia samaki zenye meno upande mmoja. Na Katanda, kwenye huohuo mto Semliki niliokutajia, zimetoka ncha za namna hiyo zinazokadiriwa kuwa na miaka kama 90,000, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Ncha iliyochongwa utaijua hivi, meno hayalingani sawasawa, chini ya kila jino kuna mkato na mikwaruzo midogo iliyonyooka ya jiwe, mfupa ni mgumu mzima bila shina la kuzunguka, na kwa chini mara nyingi kuna vijifereji vya kuzungusha kamba. Kwenu kimevunjika hapohapo chini, pahali penye jibu! Kwa hivyo warudishe watoto pale walipokiokota, watazame kwa macho tu kama kile kipande cha chini bado kipo juu ya mchanga. Wasichimbe.

Kuhusu umri sitakudanganya kwa kutaja namba. Mfupa wenyewe ukiwa mkononi hauna tarehe. Huku kwenu laga inakata udongo wa miaka milioni 4 na papo hapo inakata udongo wa ziwa wa miaka chini ya 10,000, alafu mafuriko yanachanganya yote kwenye mchanga mmoja. Tunachopima mara nyingi sio mfupa, ni majivu ya volkano yaliyolala juu yake au chini yake. Chembe za madini kwenye majivu zina potasiamu inayobadilika polepole kuwa gesi ya agoni, volkano ikilipuka hiyo saa inaanza upya, kwa hivyo ukijua gesi imejikusanya kiasi gani unajua mlipuko ulikuwa lini. Bila kujua mfupa ulitoka tabaka gani hiyo saa haikusaidii. Kwa hivyo panda na laga kwenda juu kidogo utazame kingo, kama mifupa ina kona kali haijasafiri mbali, kama imekuwa laini ya mviringo kama kokoto imetoka mbali. Ukikuta pingili mbili tatu bado zimeshikana ndani ya ukingo, hapo ndo nyumbani kwake, piga picha, simama, usitoe hata moja. Na usiwapeleke watoto wakati kuna mawingu upande wa milimani, unajua laga inavyokuja bila onyo, hata kama hapo kwenu jua linawaka.

Sasa kabati. Sheria ya makumbusho na turathi ya Kenya ya mwaka 2006 inasema vitu hivi ni vya taifa, anayeviona anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, na hairuhusiwi kuchimba bila leseni wala kuviuza. Usiogope, hujafanya kosa, watoto wameokota vilivyokuwa juu ya mchanga na maji yangevipeleka. Mwambie chifu, andikieni makumbusho Nairobi, na kwa kuwa mko Turkana kuna Taasisi ya Bonde la Turkana yenye kituo Turkwel, sio mbali na Lodwar, wana watu wanaojua samaki hawa kwa macho tu. Waombe shule iachiwe nakala za plasta, ni ombi la kawaida. Huyo mnunuzi mwambie hapana mbele ya watu, ili na wengine wasikie. Akishachukua hivyo vitu, hata kama vitaonekana tena siku moja mahali fulani, hakuna atakayejua vilitoka laga gani.

Mpaka watu waje, usioshe, tumia brashi laini kavu tu, usipake vanishi wala gundi ya dukani. Kila mfupa uviringe na karatasi ya chooni, weka kwenye boksi, ndani yake kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu unafifia: tarehe, jina la laga, namba za GPS za simu, nani aliokota. Kama watoto walichanganya vya sehemu mbili, andika hivyohivyo "vimechanganyika", usikisie.

Na kuna hali moja ambayo usisubiri barua. Mkikuta meno au fuvu linalofanana na la mtu, au mawe yamepangwa duara au kusimamishwa kama nguzo, ondoka na watoto mara moja umwite chifu na polisi. Huku kwenu kuna makaburi ya miaka kama 5,000, na yanaweza pia kuwa ya watu ambao familia zao zipo hapo kijijini leo.

Picha ninazohitaji ni hizi. Cha tatu kwanza, weka kando ya rula au koini ya shilingi 10, saa moja na nusu asubuhi jua likiwa chini, upande wa kulia, wa kushoto, juu, chini, na kwa karibu kabisa pale kilipovunjika, nione kama katikati kuna tundu. Kisha pingili moja ikiwa imekutazama kwa kikombe. Kibapa kinaweza kungoja mpaka utakapochemsha kichwa cha kambare, nataka uniambie wewe.